Bunduki ya Komeo

Nyumbani kwetu nyama ya porini ililiwa mlango ukiwa umefungwa. Kuku tulimla uani, samaki tulimla barazani huku tukiwakaribisha wapita njia, lakini ikipikwa mbawala mama alisubiri giza liingie, akasukuma komeo, halafu akaegemeza kinu nyuma ya mlango kwa usalama zaidi. Sisi watoto hatukuelezwa kwa nini. Tulijua tu kwamba ile ni nyama isiyosimuliwa shuleni.

Nazungumzia kijiji kimoja kati ya Ifakara na Mahenge, na mwindaji alikuwa baba mdogo. Alikuwa na gobore, ile bunduki ya kienyeji ambayo mtutu wake ulikuwa bomba la maji kabla haujapandishwa cheo. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia vipande vya chuma, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unamwomba Mungu. Mlio ni mmoja tu. Ukikosa, mnyama hakusubiri upakie upya.

Mwaka 2002, nikiwa na miaka minane, baba mdogo alikamatwa na bwana nyama. Akafungwa miaka mitatu. Gobore lilikwenda mahakamani kama kielelezo, halikurudi. Yeye alirudi, lakini amekonda na amekuwa mtu wa maneno machache. Siku aliyorudi, baba alituita wote, akasema katika ukoo huu habari ya bunduki imekwisha. Hatukushika Biblia, lakini baba akisema neno kwa sauti yake ile ya chini, tayari ni kiapo.

Sasa nikueleze jinsi nilivyokuja kukivunja.

Niko Unyamwezini, katika mji wa Erie, jimbo la Pennsylvania. Sikuzamia, nilipata ile bahati nasibu ya viza, kwa hiyo karatasi zangu ziko sawa. Kazi yangu ni kubeba boksi, na hapa sitanii wala sipigi mafumbo, ni maboksi kweli, kwenye ghala, zamu ya usiku. Kila ifikapo mwisho wa Novemba nusu ya zamu yetu hupotea. Mwaka wa kwanza nilidhani kuna mgomo. Kumbe ni msimu wa kuwinda. Shule nyingi za huku hufungwa Jumatatu ile baada ya sikukuu yao ya Shukrani, ili watoto waende porini na baba zao. Mchana kweupe, na wanapiga na picha!

Basi mzee mmoja wa zamu yetu, dereva wa foklifti, aliniletea pande la nyama limefungwa kwenye karatasi nyeupe. Nikaipika kwa vitunguu, nyanya na chumvi tu, kama alivyokuwa akipika mama. Harufu ilipoanza kupanda niliacha mwiko nikaenda kufunga mlango. Nilishafika na mkono uko kwenye komeo ndipo nikajishtukia. Nipo Marekani, nyama nimepewa na mwenye leseni, hakuna bwana nyama anayenitafuta, lakini mkono wangu una miaka minane.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitaka kitu kimoja: kula nyama ile mlango ukiwa wazi, na iwe nimeitafuta mwenyewe.

Mnyama mwenyewe tumwiteje? Huku ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini, akikimbia anaunyanyua kama leso. Kwetu hayupo. Wengine husema paa, wengine kulungu, lakini hao ni wanyama wengine kabisa. Kanisani nilikuwa nikisikia neno ayala kwenye Zaburi, nikidhani ni jina la mtu fulani wa Yerusalemu. Kumbe ndiye huyu. Nitamwita ayala.

Utaratibu wa huku ni kwamba anayewinda kwa mara ya kwanza lazima asome kozi ya usalama. Nilikaa darasani na watoto wa miaka kumi na mmoja, mimi na ndevu zangu, tukifundishwa mambo manne: kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu mahali usipotaka kuparibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeamua, na jua lengo lako pamoja na kilicho nyuma yake. Tulifaulu wote. Leseni ya mkazi ni kama dola 21, na kibali cha kupiga jike ni kama dola 7 za nyongeza. Niliposhika ile leseni nilimfikiria baba mdogo. Miaka mitatu ya mtu, na mwenzake analipa dola 28.

Sisemi Bongo hakuna leseni. Zilikuwepo, zipo, na siku hizi tangu kanuni za 2020 kuna hata mabucha ya nyamapori yaliyosajiliwa. Lakini mwaka ule, kijijini kwetu, leseni ilikuwa kitu cha watu waliokuja na magari.

Yule mzee wa foklifti alinichukua kwenye uwanja wa shabaha ili nijaribu bunduki yake. Ilikuwa ya magnum, kubwa, inayofaa kwa mnyama mara tatu ya ayala. Mimi nina kilo 61 nikiwa nimeshiba. Mzee akasema bana begani, sogeza jicho, vuta taratibu. Nilisogeza jicho sana. Bunduki iliponipiga teke, ukingo wa darubini ulinipasua juu ya nyusi. Damu puu! Mzee alikimbia kuleta kitambaa huku akijizuia kucheka. Wawindaji wa huku wana jina la kovu hilo, maana wengi wanalo.

Kovu halikuwa tatizo. Tatizo lilikuja nilipopiga mara ya pili, halafu ya tatu. Kila nilipokaribia kuvuta, macho yalijifumba yenyewe na bega likaruka mbele kabla ya mlio. Mara ya nne mzee aliweka risasi tupu bila kuniambia. Nikavuta, bunduki ikasema "ta", nami nikaruka kama niliyeumwa na siafu. Bunduki haikufanya chochote, mimi nilifanya yote. "Hiyo ni hofu," mzee akasema. "Huwezi kuilenga hofu."

Jumapili iliyofuata nikampigia simu baba. Nilimweleza kwa mzunguko mrefu, nikianza na hali ya hewa. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Muulize baba mdogo wako. Siyo mimi niliyefungwa." Akakata.

Nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Uso umefanyaje?"

Nilikuwa nimesahau kwamba ni simu ya video. Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto nilimsikia akicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo bunduki imeanza kukuwinda wewe!"

"Ndivyo baba mdogo. Na kama mnakataa, mimi naacha."

"Mimi sijakataa." Akanyamaza kidogo. "Ngoja nikwambie jambo ambalo hata baba yako halijui. Unadhani nilikamatwa kwa sababu niliua mbawala?"

"Si ndivyo?"

"Nilikamatwa kwa sababu sikumuua. Nilimpiga jioni, nikiwa mbali, nimeona uvivu kusogea. Akaondoka na kidonda. Usiku kucha nilikuwa namsikia, ingawa hayupo. Alfajiri nikarudi kufuata damu. Bwana nyama naye alikuwa ameiona damu ileile."

Sikuwa na la kusema.

"Nunua bunduki usiyoiogopa," akasema. "Ukiiogopa utafumba macho. Ukifumba macho utajeruhi. Na mnyama uliyemjeruhi atakupeleka mahali ambapo hukupanga kwenda."

Msomaji, nimesoma maelezo mengi ya namna ya kuchagua bunduki ya kwanza, lakini yote naona yamo ndani ya maneno hayo ya baba mdogo, mtu ambaye hajawahi kununua bunduki dukani.

Dukani nilikuta bunduki zimepangwa ukutani kama majembe. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Aliniuliza maswali matatu tu: unawinda nini, wapi, na nani alikupasua uso. Nilipomjibu akaniondoa kabisa upande wa zile za bei ya ng'ombe wawili, akanipeleka kwenye bunduki za kawaida za bolti.

Bolti ni komeo. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Ni chuma cha mviringo chenye mpini, kinachokwenda na kurudi nyuma ya mtutu kama komeo la mlango wa mama. Unanyanyua mpini, unavuta nyuma, ganda lililotumika linaruka nje; unasukuma mbele, risasi mpya inaingia; unashusha mpini, mlango umefungwa. Mkono wako ndio unaofanya kazi yote. Vipande vyake ni vichache, kwa hiyo vya kuharibika ni vichache. Tena ukivuta komeo nyuma unaona kwa macho yako kama chumba kina risasi au hakina, na kwenye kozi tulifundishwa kutompa mtu bunduki kabla ya kufanya hivyo. Pennsylvania hairuhusu kumwinda ayala kwa raifoli zinazojipakia zenyewe, na mimi naona ni sawa. Komeo linakupa muda wa kujiuliza kabla ya risasi ya pili.

Yule mama aliniambia kwamba karibu zote ukutani pale ni wajukuu wa bunduki ya Mjerumani Paul Mauser ya mwaka 1898. Jina hilo lilinigusa. Mimi ni mtoto wa njia ya Mahenge. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani pale Mahenge, wakakutana na bombomu, kama wazee walivyoita bunduki ya mfululizo. Kwetu bunduki za kiwandani zilikuja kwanza kwa ajili ya watu, siyo kwa ajili ya nyama. Nikasimama pale dukani nimeshika mjukuu wa Mauser, najiuliza kama babu zangu wangenielewa. Nikaona niendelee kuuliza bei.

Alinipa tatu za kushika: Savage Axis, Ruger American na Mossberg Patriot. Zote zilikuwa chini ya dola 600. Kitako cha plastiki, mtutu mweusi, hazina nakshi. Kwa mtu anayetaka kumpiga ayala kwa mita 90, mama yule alisema, tofauti ya shabaha kati ya hizi na ile ya dola 2,000 itakuwa ndogo kuliko tofauti kati yangu mimi wa leo na mimi niliyefanya mazoezi. Muuzaji anayekukataza kutumia pesa, msikilize.

Kisha akanifanyisha jambo moja. Alihakikisha komeo liko wazi na chumba ni kitupu, akaniambia nivae jaketi langu la baridi, nifumbe macho, nipandishe bunduki begani ninavyojisikia, kisha nifumbue. Kama jicho linatua lenyewe katikati ya darubini, bunduki imekupata. Kama inabidi unyooshe shingo kama kobe, siyo yako. Ya kwanza nilinyoosha shingo. Ya pili mpini wa komeo ulikuwa mgumu kwangu. Ya tatu, ile Axis, nilifumbua macho nikajikuta natazama saa ya ukutani upande wa pili wa duka, mshale wa sekunde ukitembea katikati ya msalaba.

Halafu ukaja ubishi wa risasi. Kazini kila mtu ana dini yake. Kuna wa .30-06, iliyotokana na jeshi la Marekani mwaka 1906, kuna wa.270 ya mwaka 1925, kuna wa.308 ya 1952; na vijana wanashangilia 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007. Zote zinamwangusha ayala bila shida. Mimi nilichagua .243, iliyotoka 1955, ambayo ni ganda la .308 lililobanwa shingo ili libebe risasi nyembamba. Nilichukua risasi za greni 100, yaani gramu 6 na nusu hivi. Teke lake ni karibu nusu ya lile la .30-06. Washikaji kazini walinicheka, eti nimenunua bunduki ya watoto. Nikawaambia ndiyo, ni ya mtoto wa miaka minane.

Ubaya wake nao niutaje. Risasi ndogo haikusamehe ukipiga mfupa mnene au tumbo. Ukiichagua unakubali kupiga mahali panapostahili, nyuma kidogo ya bega la mbele, penye moyo na mapafu, au usipige kabisa. Nilikubali.

Kuhusu darubini, nilitaka kubana matumizi. Kuna bunduki zinazouzwa na darubini yake tayari. Mama yule akanipeleka mlangoni, jua likiwa linazama, akanipa darubini mbili nitazame vichaka vya ng'ambo ya barabara. Moja ilikuwa ya bei chee, nyingine kama dola 200. Mchana kweupe ningesema ni mapacha. Jioni ile, moja ilinionyesha vichaka na nyingine ilinionyesha matawi. Ayala hutembea alfajiri na magharibi. Bunduki yaweza kuwa ya kawaida, lakini kwenye kioo usibane sana.

Nilichukua yenye maandishi 3-9x40. Tarakimu hizo zilinitisha kama hesabu za kidato cha pili, lakini ni rahisi. Inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 40. Gawa 40 kwa ukuzaji uliouweka, unapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho. Ukiweka 9 ni milimita 4 na nusu hivi, ukiweka 4 ni milimita 10. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 7. Kwa hiyo alfajiri usizungushe hadi 9 kwa tamaa ya picha kubwa, utapata picha kubwa ya giza. Rudi kwenye 4. Na jicho liwe mbali na kioo kwa sentimita 9 hivi. Hilo la mwisho sikuhitaji kufundishwa, nina kovu.

Ikabaki fomu. Hapo ndipo mikono ilinitoka jasho. Ukurasa baada ya ukurasa: jina, kuzaliwa, uraia, namba ya kadi yangu ya ukaazi, umewahi kuhukumiwa, unamnunulia mtu mwingine. Kudanganya ni jinai. Kisha dukani wanawauliza polisi wa jimbo kama unafaa. Watu wawili waliokuja baada yangu walijibiwa wakaondoka na vyao. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki dakika arobaini, mtu mweusi mwenye lafudhi, nikisubiri polisi waseme kama naweza kumiliki bunduki. Nilimwona baba mdogo kizimbani. Karibu ninyanyuke niende zangu. Ndipo simu ikalia, yule mama akasikiliza, akanigeukia na kusema, "Umepita."

Kuwa na bunduki mpya yenye darubini mpya hakukupi shabaha. Tulianza karibu, yadi 25, kisha tukaenda yadi 100, ambazo ni mita 91. Unapiga tatu bila kubadilisha chochote, unatazama zilipokusanyika. Zangu zilikusanyika inchi 3 chini na inchi 2 kulia. Kifundo cha darubini kikilia "ti" mara moja, kwa yadi 100 kinasogeza robo ya inchi. Kwa hiyo milio 12 kwenda juu, 8 kwenda kushoto. Hesabu za kidato cha pili zimenifaa hatimaye. Nikapiga tatu nyingine. Zikakaa katikati, ningeweza kuzifunika kwa kizibo cha chupa ya soda.

Nikajiona bingwa. Mzee wa foklifti akaniondoa kwenye meza, akaning'iniza sahani ya karatasi, akasema haya, piga ukiwa umepiga goti, porini hakuna meza. Kwa yadi 100 nilikosa mbili kati ya tano. Kwa yadi 60 zote ziliingia. "Basi," akasema, "wewe ni mtu wa yadi 60. Ya mia ni ya bunduki, siyo yako." Nikakumbuka gobore. Nikakumbuka uvivu wa kusogea. Mwezi mzima nilirudi pale kila Jumamosi, na hadi msimu unaanza nilikuwa mtu wa yadi 80. Pesa nilizookoa kwa kutonunua bunduki ya fahari ziliishia kwenye risasi za mazoezi, na sijutii hata senti.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi, tarehe 25 Novemba 2023. Tulikwenda kwenye msitu wa taifa wa Allegheny, ulioanzishwa 1923, ardhi ya umma ambamo hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani. Sheria inataka uvae rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Niseme ukweli, nilikuwa na hofu ya kuwa mtu mweusi mwenye bunduki katika msitu wa watu weupe. Nilivaa hilo chungwa kama hirizi. Miaka yote kwetu mwindaji alikuwa mtu anayejificha, na sasa usalama wangu ulikuwa katika kuonekana.

Kabla ya saa 2 asubuhi dume alitokea. Pembe, shingo nene, mvuke ukimtoka puani. Yadi 60, labda 70. Alisimama juu ya kilima, upande wake wote ukinielekea. Msalaba ukatua nyuma ya bega. Sikuruka, macho hayakufumba. Lakini nyuma yake kulikuwa na mbingu tupu. Hakuna ardhi, hakuna mti, na sikujua ng'ambo ya kilima kuna nini au nani. Nikahesabu pumzi kumi. Akashuka upande wa pili, akaenda zake. Mzee aliponiuliza kwa nini sikupiga nilimwambia, akanyamaza, kisha akanigawia kahawa yake.

Siku nyingine mbili nilikwenda sikuona kitu. Ikafika siku ya mwisho, tarehe 9 Desemba, Bongo wanasherehekea Uhuru. Haikuwa baridi sana, majani yalikuwa na maji, hayakupiga kelele. Jike alikuja akinusa ardhi, yadi 50 hivi, nyuma yake kuna mteremko wa udongo. Darubini ilikuwa kwenye 4. Nilivuta pumzi, nikaiachia nusu. Sikumbuki mlio wala teke. Nakumbuka alikimbia kama hatua ishirini, akapiga magoti, akalala.

Nilivuta komeo, ganda likaruka, nikaingiza risasi ya pili kama nilivyofundishwa, nikasubiri. Haikuhitajika. Nilipomfikia nilipiga magoti na mimi. Nililia, na sitatafuta namna ya kulipamba hilo. Alikuwa mzuri na mimi ndiye niliyemwondoa. Kabla ya kumsogeza nikajaza kibali changu, nikakifunga kwenye sikio lake, kama sheria inavyotaka. Kisha mzee akanionyesha namna ya kumtumbua, tukamburuta kwa kamba hadi barabarani, kwa saa nzima.

Jumapili mchana, kwao ni saa 2 usiku, nilipiga simu nyama ikiwa jikoni. Baba mdogo alipokea. Nyuma yake nilimwona baba amekaa, anajifanya anasikiliza redio.

"Umekula?" baba mdogo akauliza.

"Bado baba mdogo. Inachemka."

"Aliteseka?"

"Hatua ishirini."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikamwambia subiri nikuonyeshe bunduki. Akasema bunduki ameshaziona nyingi.

"Nionyeshe hicho kibali."

Nikaisogeza leseni mbele ya simu. Akaniambia sogeza karibu, akavaa miwani, akaisoma herufi kwa herufi, Kiingereza asichokijua.

"Jina lako lipo?"

"Lipo."

"Na la babu yako?"

"Lipo, ndiyo la mwisho hapo."

Alilitazama muda mrefu. Kisha akampa baba simu. Baba akavuta simu karibu, naye akasoma. Hakusema kitu juu ya kiapo. Alisema tu, "Haya. Angalia isiungue."

Ilikuwa kweli inaanza kuungua. Nyumba za huku, moshi ukizidi kidogo, king'ora cha dari kinapiga kelele kama kuna vita. Nikakimbia kufungua mlango wa ukumbini, nikaukingamia kiti ili ubaki wazi. Harufu ikatoka, ikashuka ngazi. Haikupita dakika tano nikasikia sauti ya yule mama Mkongomani wa ghorofa ya chini.

"Hodi humu! Mnapika nini?"

Nikasema karibu.